Ndege Aliyelia Baada ya Shule

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake Kasuku walikimbilia uwanjani kucheza, naye akashika njia ya kitaluni. Jina hilo hakupewa nyumbani. Alipewa darasani, kwa sababu hakuna sauti iliyopita masikioni mwake ikatoka salama. Aliiga kikohozi cha mwalimu wa hesabu, aliiga pikipiki iliyokataa kuwaka, na siku moja aliiga kengele yenyewe, shule nzima ikatoka nje kabla ya wakati. Siku hiyo alifyeka majani nyuma ya choo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Malengelenge yalipona, jina likabaki.

Kitaluni ndiko mama yake alikofanya kazi. Palikuwa kiwanja chini ya kilima, kimefunikwa wavu mweusi wa kukinga jua, na chini ya wavu huo vimepangwa viriba, vile vifuko vya plastiki vinavyooteshewa miche. Mama na wenzake walichekecha udongo, wakauchanganya na samadi, wakajaza viriba, wakamwagilia. Mvua zilipoanza walibeba miche kichwani na kuipandisha kilimani, mmoja nyuma ya mwingine. Zamani kilima chote kilikuwa msitu. Watu waliukata wakachoma mkaa, na mkaa ulipokwisha hawakubaki na msitu wala mkaa. Mradi wa kuurudisha ulipokuja, mama yake Kasuku alikuwa wa kwanza kwenda kujiandikisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chakula kipo kwenye bakuli. Ukimaliza, njoo unishikie viriba."

Siku hizo mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa amekufa moyo, na mtu aliyekufa moyo hata kusengenya humchosha. Miti waliyoipanda ilikua vizuri, mirefu, imenyooka, safu baada ya safu. Lakini ukipanda kilimani ulisikia nyayo zako tu. Hapakuwa na ndege wa kusemezana wala chura wa kulalamika.

"Tumepanda miti," mama alizoea kusema, "msitu wenyewe umegoma kuja."

Aliyeujua ukimya huo kuliko wote alikuwa dada mmoja mtaalamu, ambaye wafanyakazi walimwita Masikio kwa sababu hakuvua visikizio vyake hata akiwa anakula. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kama viumbe wamerudi kilimani. Alikuwa amefunga vinasa sauti kwenye miti, visanduku vidogo vya kijani vilivyosikiliza mchana na usiku bila kusinzia. Kila wiki alikwenda kuchomoa kadi zake na kuziingiza kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo ilikuwa imefundishwa sauti za ndege, vyura na popo, nayo ilizichambua kama mtu anavyochambua mchele, hili jiwe, hii punje.

Alikuwa na kamera pia, zinazopiga picha zenyewe kitu kikipita mbele. Mpaka wakati huo zilikuwa zimeleta picha za mbuzi, mbwa mmoja asiye na mwenyewe, na msimamizi wa kitalu akijikuna mgongo kwenye mti huku amefumba macho kwa raha. Picha ile iliwachekesha wafanyakazi wiki nzima, kwani hapakuwa na jingine la kuchekea.

Alasiri moja Kasuku alikuwa amechuchumaa nyuma ya tangi la maji akijaza udongo. Masikio alikuja kunawa mikono, akamkuta mama bombani.

"Mama, nimechoka kuandika upepo," alisema. "Wafadhili wananiuliza, pesa zetu zimerudisha nini kilimani? Nawajibu upepo, mbuzi na mbwa. Msimu huu ukiisha hivi hivi, watafunga mradi."

"Na sisi je?"

Masikio alikung'uta maji mikononi, akatazama kilima.

"Nisikudanganye, mama. Unga utamwagika, wangu na wenu. Angalau ningempata hondohondo mmoja! Yule ndege mwenye mdomo mkubwa ndiye mpanda mbegu wa kweli. Anakula matunda huku, anadondosha mbegu kule. Akisikika yeye, hakuna atakayetuuliza tena."

Mama alitabasamu kidogo, tabasamu ambalo Kasuku hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

"Hondohondo! Nilipokuwa mtoto walijaa huku juu. Wanalia kama mtoto mchanga, mgeni akipita anadhani mama fulani ametupa kichanga. Walipoondoka, nilikuwa nalia kama wao ili waitikie. Hawakuitikia."

Kasuku aliijua sauti hiyo vizuri. Alipokuwa mdogo, mama alimlilia sauti ya hondohondo ili kumnyamazisha, naye akiwa mgongoni akaiitikia. Ndiyo sauti ya kwanza aliyowahi kuiga, kabla ya kikohozi cha mwalimu, kabla ya pikipiki. Ndege mwenyewe hakuwa amemwona hata siku moja.

Kesho yake hakwenda kitaluni moja kwa moja. Alipanda kilimani kwa njia ya nyuma, mkoba begani, mpaka akafika kwenye mti wenye kisanduku cha kijani. Alijiambia kwamba hamwibii mtu. Alijiambia kwamba hasemi uongo, kwa kuwa hasemi neno lolote. Kisha akaweka viganja mdomoni, akalia kama hondohondo, akasogea mbele kidogo, akalia tena. Kilima kilinyamaza kama kawaida yake. Akafanya hivyo siku iliyofuata, na nyingine, mpaka wiki ikaisha.

Habari zilifika kitaluni mbio. Masikio aliteremka na kompyuta kifuani, visikizio vinamning'inia shingoni, hata kiatu kimoja kimefunguka kamba.

"Mama! Mama, acha hiyo ndoo! Mashine inasema hondohondo!"

Wafanyakazi walimzunguka. Masikio akaeleza, huku anahema, kwamba kompyuta haikuwa na uhakika. Ilikuwa imefundishwa kwa hondohondo wa mbali, na huenda wa hapa wanalia kwa namna yao. Alihitaji mtu aliyewahi kuwasikia kwa masikio yake, na kati ya wote waliokuwa kitaluni alikuwepo mmoja tu.

Akamvisha mama visikizio.

Mama alifumba macho. Mikono yake yenye udongo ilishika visikizio pande zote mbili. Alisikiliza, akaomba kurudiwa, akasikiliza tena, na machozi yakaanza kumtiririka bila yeye kuyafuta.

"Ndiye," alisema. "Ndiye hasa. Hivi hivi ndivyo walivyokuwa wakilia."

Mama Pacha, mwenzake wa miaka yote, alipiga kigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakashtuka. Kasuku naye alipiga makofi. Alipomwona mama akicheka na wenzake, alijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Jioni ile mama aliimba akiosha vyombo. Basi Kasuku akaendelea kupanda kilimani kila alasiri, maana aliyeanza kulia hawezi kunyamaza ghafla.

Masikio alituma taarifa makao makuu. Haukupita muda, mkurugenzi wa mradi akaja mwenyewe na gari lake jeupe. Wafanyakazi walifagia kitalu, wakavaa nguo safi, wakasimama mstari mmoja. Mkurugenzi alikuwa mtu wa maneno laini.

"Ndugu zangu, hongereni sana," alianza. "Mmefanya kazi kubwa, na leo kazi hiyo imezaa matunda. Mpanda mbegu amerudi! Kuanzia sasa kilima hiki kitajipanda chenyewe, ndege watatufanyia kazi bila mshahara. Hahaha! Kwa hiyo hatuna haja ya kitalu hapa. Mwezi huu ukiisha tutakifunga, na fedha zitakwenda kwenye kilima kingine, mbali, ambako wana watu wao. Tunawashukuru sana."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Pacha alimuuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Amesema nini? Amesema tumefukuzwa?" Kasuku alikuwa amesimama kando ya lango na sare yake ya shule. Aliyasikia yote.

Nyumbani, mama aliketi kwenye kigoda akiwa na mabuti yake ya kazini. Kwa kawaida aliyavua mlangoni, kwa sababu hakupenda udongo ndani. Siku hiyo hakuyavua. Maji ya ugali yalichemka jikoni mpaka yakakaribia kukauka, na Kasuku ndiye aliyeyaepua.

"Mama, utapata kazi nyingine."

"Wapi, mwanangu? Nimezunguka kote kabla ya kitalu hiki. Kote walinitazama mikono wakasema tutakuita." Akajifuta uso kwa kanga. "Lakini sikiliza. Sitalia sana. Nimebeba maji ya miche ile kichwani mpaka shingo ikapinda. Nilidhani nimepoteza miaka yangu bure. Kumbe yule ndege amerudi. Hata nikilala njaa, nitalala najua amerudi. Hilo hawawezi kuninyang'anya."

Kasuku aligeukia ukuta. Yeye ndiye aliyeweza kumnyang'anya. Akisema kweli, huenda mama akabaki na kazi, lakini ndege wake atakuwa amekufa. Akinyamaza, mama atabaki na ndege ambaye hayupo, na kazi hana. Alitamani dunia imfungukie aingie ndani. Haikufunguka.

"Mama," alisema hatimaye, akiwa bado anatazama ukuta. "Yule hondohondo ni mimi."

"Nini?"

"Ni mimi. Nilikuwa napanda kilimani baada ya shule. Nililia mbele ya kinasa sauti. Nilidhani mradi hautafungwa."

Alingoja kofi. Kofi halikuja, wala ukali haukuja. Mama alikaa pale pale, mikono mapajani, akimtazama kama mtu asomaye maandishi ya mbali.

"Lia," alisema.

"Mama..."

"Lia nisikie."

Kasuku aliweka viganja mdomoni akalia kama hondohondo. Mama aliinamisha kichwa.

"Kumbe niliisikia sauti yangu mwenyewe," alisema polepole. "Mimi nilikufundisha, wewe ukairudisha, nami nikalia machozi. Mimi ndiye niliyesema, 'Ndiye hasa.'" Akainuka, akavua buti moja, akalitupa pembeni. "Hakuna ndege. Hakuna kitu kule juu. Nenda kalale."

Asubuhi mama hakumpeleka shuleni. Alimshika mkono mpaka kwenye ofisi ya Masikio, chumba kimoja nyuma ya stoo ya mbolea, chenye meza, kompyuta na harufu ya samadi isiyotoka hata ukifungua madirisha. Masikio alikuwa akipakia vitu kwenye maboksi.

"Sema," mama alimwambia Kasuku.

Kasuku alisema. Masikio aliposikia alicheka kwanza, kisha akakasirika.

"Haiwezekani. Mashine hii imefundishwa na wataalamu, na mama yako amethibitisha. Mtoto mdogo ataidanganyaje?"

"Mwashie, dada," mama alisema.

Masikio akawasha kipaza sauti. Kasuku akalia. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya sauti ilijichora, ikatulia, kisha likatokea neno moja: Hondohondo. Masikio alifungua kwa haraka kumbukumbu za zile sauti zote alizozituma kwa fahari, akatazama saa ziliponaswa. Zote zilikuwa za alasiri. Hapakuwa na hata moja ya alfajiri, wakati ndege wote duniani hupiga kelele, wala ya Jumamosi, wala ya Jumapili.

"Ndege gani huyu," Masikio aliuliza, "analia baada ya shule na kupumzika mwisho wa wiki?"

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, na walipomtazama vizuri wakaona kwamba hacheki tena.

"Niliziona saa hizi," alisema akijifuta macho. "Zilikuwa mbele yangu. Nilitaka sana awe kweli, ndiyo maana sikuuliza."

Alimpigia simu mkurugenzi, wao wakiwa hapo hapo. Kasuku hakuyasikia maneno yote ya upande wa pili, lakini alisikia ukali wake, na yale maneno laini ya siku ile hayakuwemo hata moja. Masikio alikuwa akijibu, "Ndiyo, mkurugenzi. Kosa ni langu. Ndiyo. Nitaandika." Hakumtaja mtoto. Kasuku ndiye aliyesogea karibu na simu na kusema kwa nguvu kwamba ni yeye. Upande wa pili simu ikakatwa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Masikio alipewa onyo la maandishi, na wafadhili waliokuwa waje kumwona hondohondo wakaahirisha safari. Shuleni watoto walimlilia Kasuku kama kichanga kila alipopita. Alipokuwa akiiga wengine ilikuwa raha, alipoigwa yeye aliona uchungu wake. Mama alimpikia, alimfulia, alimsalimu, lakini hakutaniana naye.

Masikio alifanya jambo moja. Aliziondoa sauti za Kasuku zote, akaanza kusikiliza upya zile zilizobaki, siku baada ya siku, akiwa amefumba macho. Kisha akachukua orodha ya miti iliyopandwa, akapanda kilimani na kutembea safu kwa safu. Aliporudi alimpigia simu mkurugenzi, na safari hii yeye ndiye aliyesema kwa ukali.

"Tumepanda miti ya aina moja, mkurugenzi, kwa sababu inakua haraka na inapendeza pichani. Haina tunda hata la kumlisha panzi. Vinasa sauti vilikuwa vinatuambia kila wiki kwamba kule juu hakuna chakula, sisi tukadhani havituambii kitu. Ndege aje kufanya nini? Aje afunge?"

Mkurugenzi alichukua muda kukubali, kwani kukubali kulikuwa ni kusema mbele ya wafadhili kwamba miaka yote ile walikosea. Mwishowe alikubali nusu. Kitalu kingebaki, kioteshe mikuyu na miti mingine ya matunda ya mwituni, lakini kwa wafanyakazi wachache. Mama yake Kasuku akawa mmoja wao. Mama Pacha hakuwemo. Aliposikia kitalu kinafungwa aliuza kitanda na vyombo, akahamia kwa kaka yake mbali sana, na simu yake ikawa haipatikani.

Mvua zilipoanza, Kasuku alipanda kilimani na mama, kila mmoja na miche yake. Walichimba mashimo katikati ya ile miti mirefu iliyonyooka. Walifika mahali ambapo Mama Pacha alipenda kupumzika, mama akasimama.

"Hapa angekuwa ananichekesha sasa hivi," alisema.

"Ni kosa langu, mama."

"Ni lako," mama alijibu. Hakuongeza asali wala chumvi. Kisha akaketi kwenye jiwe, akamwita kwa mkono aketi kando yake. "Ulinionea huruma, najua. Ndiyo maana sikukupiga. Lakini mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Kilima hiki kilikuwa mgonjwa, na mashine zile zilikuwa kipimo chake. Wewe ulikwenda ukakiambia kipimo kiseme mgonjwa amepona. Daktari akafunga begi lake, akaenda zake. Unaelewa?"

"Naelewa, mama."

"Habari mbaya ya kweli inauma, lakini mtu akiijua anajua pa kushika. Habari njema ya uongo inakufurahisha usiku mmoja, asubuhi huna kitu cha kushika. Mimi ilinifurahisha usiku ule kuliko habari yoyote. Nisingependa kufurahi hivyo tena."

Mvua ilianza kunyesha nyembamba. Kisanduku cha kijani kilikuwa kimefungwa kwenye mti ulio karibu nao, kinasikiliza. Kasuku alitazama mche mdogo mikononi mwake, wenye majani machache tu, akahesabu kichwani mwake miaka ya kuzaa matunda, akaona hesabu inampita.

"Mama, watarudi kweli?"

Zamani mama angemwambia watarudi. Kinywa chake kilifunguka kana kwamba atasema hivyo, kisha kikafungika.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui. Lete jembe."

Kasuku akaleta jembe.